Kabla ya Kujenga Stoo na Banda Uani, Uliza Upepo Kwanza

Wengi wetu tukitaka stoo uani na banda la kukaa pembeni yake, swali la kwanza kwa fundi huwa ni pesa ngapi. Mimi nasema liwe ni wapi kusi, upepo wa kusini, inapiga. Banda langu, huko Kisauni, nililijenga bila kuuliza. Upande wazi ukaelekea kusini, kwa sababu tu ndiko uliko mwembe. Masika ya kwanza, mwezi wa tano, mvua ikaja mshazari, ikalowesha mkeka na sinia ya viazi karai, wageni wakakimbilia stoo wakasimama katikati ya majembe na makopo ya rangi. Fundi akaniambia, "Mama, ulisema wataka kutazama mwembe." Kweli nilisema.

Kusi huanza mwezi wa nne pamoja na masika. Kaskazi, upepo wa kaskazini, huvuma Desemba mpaka Machi, miezi ya joto la kukosesha usingizi. Stoo ni ukuta, basi ukuta huo ukae kusini na banda liwe upande wake wa kaskazini. Mvua itapiga mgongo wa stoo, na upepo wa kaskazi utapita bandani wakati unapouhitaji hasa. Kiwanja kisiporuhusu, shusha ukingo wa paa upande wa kusini hadi karibu na kichwa cha mtu.

Karatasi nazo zina mikunjo yake hapa Mombasa. Wengi tuna nyumba bila shamba: kuta ni zako, ardhi ni ya mwingine na unamlipa kodi. Ukiwa hivyo, usichimbe hata shimo moja kabla mwenye shamba hajaridhia, na umwombe aandike. Mwenye hati naye apeleke ramani kaunti, kwani sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka kibali kabla ya ujenzi. Wa Mji wa Kale asiguse kitu kabla ya kuzungumza na ofisi ya uhifadhi.

Sasa tuje kwenye paa, ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Stoo huezekwa mabati na banda makuti, na paa hizi mbili hazina tabia moja. Makuti yanataka mwinamo mkali, karibu digrii 45, ili maji yateremke kabla hayajanywewa. Mabati hulala tu. Ukiyakutanisha yote mawili yakishuka kuelekeana, umejitengenezea mfereji juu ya kichwa chako, utakaojaa vipande vya makuti na kuvuja kila mwaka. Mabati yaanzie chini ya ukingo wa makuti, yaingie ndani kiasi cha nusu mita, kisha yateremkie mbali na banda. Na yasimwagikie ukuta wa jirani! Kama ulitarajia kukinga maji ya mvua kwenye tangi, jua kwamba yanayopitia makuti hutoka na rangi ya chai. Yanafaa mimea.

Makuti yenyewe yakague moja moja. Ya paa ni yale ya viungo, majani yaliyokunjwa na kushonwa kwenye kijiti. Ya kumba, yaliyosukwa, ni ya uzio. Chukua kuti, livute majani: yakiteleza kwenye kijiti chake, mwachie muuzaji. Liinue juani, ukiona nyota nyota, mvua nayo itaziona. Mabati yawe ya geji 28, maana ya 30 ni membamba zaidi na hewa hii ya chumvi haina huruma.

Nguzo za boriti au mvinje usizizike ardhini, mchwa hawachagui. Zisimamishe juu ya miguu ya zege iliyoinuka shubiri moja, zishikwe na vyuma. Boriti za mikoko nunua kwa mwenye kibali cha Huduma ya Misitu. Mchanga wa baharini ni marufuku kwangu, na maji ya kisima cha chumvi vilevile: nondo huoza ndani ya zege, nawe unaona ufa tu nje.

Kuna minazi juu? Mwite mkwezi aangushe nazi kabla ya fundi kupanda. Stoo iwe na matundu juu na chini, la sivyo mfuko wa simiti uliobaki utageuka jiwe. Mtungi wa gesi usiuweke humo hata siku moja. Gesi ikivuja hulala sakafuni ikingoja cheche. Jiko la makaa nalo likae mbali na ukingo wa makuti, si chini yake.

Anza Januari. Ikifika katikati ya Machi na bado uko kwenye msingi, funika mchanga kwa turubai, mlipe fundi alipofikia, umwambie mtaonana Agosti.