Namna ya Kuitazama King Kong ya 1933 kwa Mara ya Kwanza

Mtu aliyezoea filamu za majitu zinazotengenezwa kwa kompyuta akiifungua King Kong ya mwaka 1933 bila maandalizi yoyote, huenda akacheka katika dakika za kwanza, akachoka katika zinazofuata, kisha akaizima kabla jitu lenyewe, sokwe mkubwa aitwaye Kong, halijatokea. Itakuwa hasara. Filamu hii iliyoongozwa na Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack kwa ajili ya studio ya RKO haijapendwa kwa miongo tisa kwa sababu ya heshima ya ukongwe wake tu. Imedumu kwa sababu sanamu ndogo ya mpira na manyoya inaonekana kana kwamba inafikiri, na jambo hilo humdhihirikia zaidi mtazamaji anayejua aelekeze wapi macho yake.

Anza kwa kuchagua nakala. Filamu ilipoonyeshwa upya mwaka 1938, kanuni za maadili za Hollywood zilikuwa zimekazwa, na matukio kadhaa yalikatwa: Kong akimvua Ann, mwanamke mkuu wa hadithi, vipande vya nguo kwa udadisi, akiwatafuna watu, na akimwachia aanguke kutoka ghorofani mwanamke aliyemnyakua kitandani kwa kudhani kuwa ndiye Ann. Matukio hayo yalikuja kurudishwa baadaye, na nakala kamili ina urefu wa takribani dakika 100. Iepuke nakala iliyotiwa rangi. Msitu wa kisiwa anakoishi Kong ulijengwa kwa tabaka za michoro iliyochorwa juu ya vioo, huku sanamu na mimea ikipangwa katikati yake, na kina cha picha hizo kinatokana na mpishano wa weusi, kijivu na mwanga. Rangi za kubandika huufanya msitu wote uwe bapa. Zima taa za chumbani pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzuri wake imo gizani.

Usiruke mwanzo, hata kama mazungumzo yake yana ukakamavu wa enzi zile. Mtengenezaji filamu Carl Denham anamkuta Ann Darrow, anayeigizwa na Fay Wray, katika New York ya Mdororo Mkuu wa Uchumi, akinyoosha mkono kuchukua tufaha kibandani kwa sababu ya njaa, na anampa kazi katika safari ambayo hata nahodha hajaambiwa inaelekea wapi. Lipo tukio moja juu ya sitaha ambalo ni la kulitazama kwa makini: Denham anamjaribu Ann mbele ya kamera, anamwambia atazame juu, kisha juu zaidi, halafu apige yowe kwa hofu ya kitu ambacho hakipo. Yowe linapotoka, mtazamaji amekwisha kupimiwa urefu wa jitu ambalo bado hajaliona. Takribani dakika 45 zinapita kabla Kong hajajitokeza, na filamu nyingi za leo zisingethubutu kungoja kiasi hicho.

Wakati huohuo sikiliza muziki, au tuseme sikiliza kutokuwepo kwake. Baada ya majina ya mwanzo, mtunzi wa muziki wa filamu, Max Steiner, ananyamaza kabisa katika sehemu ya New York, na muziki unarudi pale meli inapoingia kwenye ukungu karibu na kisiwa. Kuanzia hapo hauachi kufuata miili: kiongozi wa wenyeji anapowashukia wageni, kila hatua yake ina pigo lake la okestra. Ngurumo ya Kong nayo ilipatikana kwa kurekodi simba na chui milia, kisha kupunguza kasi ya sauti hizo na kuzichezesha kinyumenyume.

Sehemu ya kuitazama bila kupepesa ni pambano la Kong na dinosaria mkubwa mla nyama. Willis O'Brien, aliyesimamia uhuishaji, alitumia sanamu yenye urefu wa takribani sentimita 45, iliyojengwa na Marcel Delgado kwa kiunzi cha chuma chenye viungo vya kukunjika, ikajazwa nyama ya mpira na kuvishwa manyoya ya sungura. Sanamu ilisogezwa kidogo, ikapigwa picha moja, ikasogezwa tena. Na kwa kuwa sekunde moja ya filamu hubeba picha 24, dakika moja ya ugomvi ni kazi ya subira isiyo ya kawaida. Ukitazama kifua na mabega ya Kong utaona manyoya yakitikisika ovyo, kama yanayopulizwa na upepo. Hizo ni alama za vidole vya wahuishaji, waliokuwa wakiyavuruga kila walipoishika sanamu. Wapo wanaoliita jambo hilo kasoro. Kwangu mimi ndilo linalompa Kong ngozi iliyo hai, isiyotulia hata anaposimama.

Hata hivyo, kilele cha pambano kinakuja baada ya pambano kwisha. Kong amempasua adui yake taya, na mnyama amelala chini hatikisiki. Badala ya kuondoka, Kong anainama, analishika lile taya lililovunjika, analifungua, analifunga, analichezesha tena, kisha anasimama na kujipigapiga kifua. Hadithi isingepungukiwa na chochote kama kipande hicho kisingekuwepo. O'Brien alikitia ili tuone udadisi wa kiumbe anayehakikisha kazi yake, na tangu hapo Kong si kitisho tu. Mhuishaji Ray Harryhausen, aliyeiona filamu hii akiwa kijana wa miaka 13, alikuja kuifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Usijisumbue kuhusu kimo cha Kong. Kisiwani alikadiriwa kuwa na futi 18, na mjini New York, anakopelekwa baadaye, futi 24, kwa sababu Cooper aliona kwamba majengo yangemmeza. Uso na mkono mkubwa uliotengenezwa kwa ajili ya picha za karibu una vipimo vyake vyenyewe. Vivyo hivyo, ile methali inayofungua filamu, inayotajwa kuwa ya Kiarabu, ilitungwa na Cooper mwenyewe.

Jambo ambalo halifai kupitwa kwa haraka ni wenyeji wa kisiwa. Wamechorwa kwa dharau iliyokuwa ya kawaida Hollywood wakati huo, bila majina wala mawazo yao, na watu wazima wanaoitazama pamoja na watoto wafanye vyema kulisema hilo waziwazi. Wachambuzi wengi pia wameisoma safari ya Kong, aliyetekwa kwao, akafungwa minyororo na kuonyeshwa kwa tiketi, kama kivuli cha historia ya utumwa. Si lazima ukubaliane na usomaji huo, lakini tazama onyesho la ukumbini New York ukiwa nao akilini, na uangalie kamera inamwonea nani huruma.

Juu ya Empire State Building, anakopanda Kong mwishoni, jengo la New York lililofunguliwa mwaka 1931 na lililokuwa refu kuliko yote duniani wakati huo, achana na ndege za kivita zinazomshambulia, mtazame Kong. Anajigusa panapomtoka damu, anatazama vidole vyake, na anaonekana haelewi ni nini kinachomchoma kutoka mbali hivyo. Anamwinua Ann, anamtazama, anamrudisha chini taratibu mahali salama. Katika mojawapo ya ndege hizo wamo Cooper na Schoedsack wenyewe, waliojipa kazi ya kumuua mnyama waliyemuumba.

Filamu ikiisha, rudia pambano la dinosaria sauti ikiwa imezimwa, kwani bila ngurumo mikono ya Kong huonekana wazi zaidi. Ndipo uende kwenye toleo la 1976, ambamo kwa sehemu kubwa Kong ni mtu aliyevaa vazi la gorila, na lile la 2005 la Peter Jackson, ambamo miondoko ya Andy Serkis ilihamishiwa kwenye mnyama wa kompyuta. Jackson amewaongeza dinosaria wakawa watatu, pambano limerefushwa, na bado linamalizika kwa Kong kulishika taya lililovunjika na kulichezesha.