Wimbo wa taarabu kuufikisha darasani chuoni: njia ninayoifuata mimi

Mhadhiri kijana akinijia na karatasi ya noti za wimbo wa taarabu anaotaka kuusomesha, namwambia aiweke chini aniimbie. Akishindwa, namrudisha kwa fundi aliyemfunza. Hatugombani, ila sioni vipi utamfundisha mwanafunzi wa mwaka wa pili kitu ambacho kinywa chako mwenyewe hakikijui. Mimi ni mpigaji kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, nasomesha muziki hapa Unguja, na haya ndiyo ninayowaelekeza wanaoanza.

Chagua wimbo mmoja kwa muhula mzima. Najua mtaala utakudai kumi. Wimbo wenyewe uwe na fundi aliye hai anayeupiga bado, maana maswali ya wanafunzi yatakuja baadaye na rikodi ya zamani haijibu.

Siku ya mwanzo nenda kwa fundi mikono mitupu, bila ya mashine. Baada ya laasiri ndio wakati mzuri, watu wameshakaa barazani. Kama ni mtu wa kikundi, nenda usiku wa mazoezi, Vuga kwa Culture Musical Club au Malindi kwa Ikhwani Safaa, vikundi vya taarabu vya hapa mjini, ukae nyuma na waitikiaji. "Shikamoo maalim, nimekuja kujifunza" inatosha. Ukisema umekuja kumhoji, atakupa yale yale anayowapa watu wa televisheni, na kwa haki yake.

Kibali cha utafiti kishughulikie mapema, kinachukua muda. Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili. Nimeshaona wazee wakitia saini kurasa mbili za Kiingereza kwa sababu ya adabu tu. Tenganisha ruhusa tatu: kusomea, kupigia darasani, na kuweka kwenye intaneti. Aghlabu fundi hukubali mbili za mwanzo na ya tatu akaifikiria, na hapo ndipo utajua kuwa amekuelewa. Malipo yaingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Fundi akija kusomesha saa mbili, alipwe sawa na mhadhiri wa muda. Ofisi itakuuliza shahada yake iko wapi. Waandikie barua, usichoke.

Siku ya kurikodi, zima feni, angalia saa za adhana, na weka mashine umbali wa mkono mmoja kutoka kinywani mwake, imeelekea kidogo kwenye udi, ala yake ya nyuzi. Rikodi kwa WAV, biti 24, kiloherzi 48. Saa moja ya namna hiyo hula kama gigabaiti moja, kwa hiyo beba kadi ya akiba. Simu nyingine itazame mkono wenye risha, kile kipande cha kupigia nyuzi. Kabla ya wimbo mwombe apige uzi mmoja mmoja, taratibu, kila mmoja mpaka sauti ife. Jambo hili wengi hulisahau, na bila ya hilo ukirudi nyumbani hujui re yake (sauti ya pili katika do, re, mi) ilikuwa wapi. Mafundi wetu wengi hulinganisha nyuzi za udi na sauti ya mwimbaji wa siku hiyo, si na mashine. Kisha wimbo apige mara tatu: udi peke yake, sauti peke yake, halafu vyote pamoja. Wewe usipige makofi wala kuitikia. Kiitikio chako kikiingia ndani ya rikodi hakitoki.

Sasa darasani. Wiki za mwanzo hakuna karatasi. Wanafunzi wanaimba, wanakosea, wanaimba tena. Tuseme wimbo uko kwenye maqam (mpangilio wa sauti wa Kiarabu) ya Bayati, inayoanzia re. Sauti ya pili yake si mi ya kawaida wala mi iliyoshushwa nusu toni; iko katikati, robo tatu ya toni kutoka re, kiasi cha senti 150, ambapo nusu toni moja ni senti 100. Kinanda cha kawaida hakina sauti hiyo, wala kodiani. Mwanafunzi aliyelelewa na kinanda cha skuli au cha kanisani ataivuta juu au chini bila ya kujijua.

Mimi hufanya hivi. Napiga re kwenye kanuni, inabaki inalia. Nawaimbisha re, kisha fa, kisha warudi wakaitafute ya katikati wakiwa wamefumba macho. Halafu nashusha na kuinua vile vipande vidogo vya chuma kando ya nyuzi, sauti inahama kidogo kidogo, na wao wanainua mkono wanapoisikia ile aliyoimba fundi. Mikono hainyanyuki pamoja, na mabishano yanayofuata yana faida kuliko mhadhara wangu wowote. Ndipo nawarudishia rikodi. Mara nyingi fundi mwenyewe yuko chini kidogo ya 150, na akishuka kuelekea re huishusha zaidi. Kama kwenye kikundi mna kodiani, wasikilize wakati inaponyamaza mwimbaji anafanya nini.

Noti ndiyo ifuate. Tumia flati yenye mkato kwa hiyo mi. MuseScore inayo na ni ya bure. Sonic Visualiser, nayo bure, itakuonesha mstari wa sauti ukipanda na kushuka, lakini usimruhusu mwanafunzi aanze nayo, atasoma skrini aache kusikiliza.

Maneno yana hesabu yake. Ubeti huu niliutunga kwa ajili ya darasa:

Pwani nimekusubiri, jua limekwisha zama
Chombo kimeshasafiri, na mimi nimesimama
Nambia nipate kheri, nirudi kwetu salama

Mizani 16 kila mstari, nane na nane, vina vya kati na vya mwisho. Wahesabu kwa vidole. Kisha wapime mwimbaji anavyolivuta neno "pwani" mpaka linakula nafasi ya maneno matatu, na anavyorudia kipande cha mwanzo kabla ya kukimaliza cha pili. Shairi linakwenda kwa hesabu moja, ngoma kwa nyingine, na insha nzuri nilizosahihisha zote zilianzia hapo.

Historia nawapa kama kazi ya nyumbani. Wote huja na Sultani Barghash na Mohamed Ibrahim aliyepelekwa Cairo kujifunza kanuni. Vyema, lakini wasiishie Misri. Ikhwani Safaa ya 1905 iliimba Kiarabu. Mwimbaji Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alirikodi kwa Kiswahili Bombay mwaka 1928. Waeleze kilichobadilika baina ya hapo, na kidumbak, ngoma ya mitaa ya Ng'ambo nje ya Mji Mkongwe, kiliingia wapi.

Mtihani: nusu ya alama kuimba au kupiga mbele ya fundi, nusu kuandika. Fundi naye atoe alama, na ziingizwe kama alivyozitoa.

Bashraf, muziki wa ala tupu, iachie muhula wa pili. Ni ndefu, haina maneno ya kushikia, na sikio ambalo halijakaa hupotea mapema. Kanuni nayo ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti. Agiza za akiba wakati wa likizo, maana zikikatika katikati ya muhula utazitafuta mjini mpaka uchoke.