Nunua kwa jumla, toa kwa kibaba: bajeti ya chakula cha mwezi hatua kwa hatua

Mshahara ukitoka, kila nyumba ni tajiri. Mchele upo, dumu la mafuta limejaa, sukari haihesabiwi vijiko. Ikifika tarehe 18 mtoto anatumwa kwa Mangi kuchukua robo ya sukari na kipimo cha mafuta, na daftari la madeni linafunguliwa upya. Mwongozo huu ni wa nyumba ya namna hiyo: hela ya chakula ipo, ila haifiki mwisho wa mwezi.

Mfano ninaoutumia ni wa nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Tuko watu sita: wazazi wawili, watoto watatu na dada wa kazi. Bei ni za mtaani kwetu, wewe weka za kwako. Aliyeko Mbeya hanunui mchele kwa bei ya Dar, na aliyeko Mwanza atanicheka nikitaja bei ya dagaa.

Hatua ya 1: Pima sufuria kabla hujagusa hela

Watu wengi wanaanza na hela: "Tuna laki tano, tununue nini?" Anza na sufuria. Kwa wiki moja nzima, usibadilishe chochote mnachokula, ila kila kinachoingia kwenye sufuria kipimwe kwa chombo kimoja na kiandikwe. Tafuta kikombe kimoja cha bati au cha plastiki, kiwe hicho hicho, na kikae ndani ya ndoo ya mchele. Ukiazima mizani ya duka mara moja tu utajua kinabeba kiasi gani. Cha kwetu kikijazwa mchele na kusawazishwa juu kwa kidole ni robo kilo kamili. Kikijazwa unga ni pungufu ya hapo, maana unga ni mwepesi, kwa hiyo pima vyote viwili.

Sisi tunakula vikombe vitatu na nusu vya mchele kwa mlo mmoja, yaani gramu 875. Kabla ya kupima, jikoni kwetu kila mtu angekuambia "kilo moja na kidogo". Hicho "kidogo" ndicho kinachoishia kwenye kiporo ambacho hakuna anayekigusa.

Mafuta yanapimwa vizuri zaidi kwa chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye mistari ya mililita. Ukiwa nayo, fanya jaribio hili: nunua kipimo cha mafuta cha shilingi 500 kwa Mangi, kimimine humo. Ukikuta mililita 60, umenunua lita moja kwa takriban 8,300. Dumu la lita 5 kwa 35,000 ni lita moja kwa 7,000. Fanya hivyo hivyo kwa sukari: robo kwa 800 ni kilo kwa 3,200, wakati kilo nzima ni 3,000.

Hatua ya 2: Geuza vikombe kuwa mwezi

Hesabu milo. Kwetu ni kama 40 mikubwa kwa mwezi: usiku 30, na michana ya Jumamosi na Jumapili. Siku za kazi mchana wanabaki dada na mtoto mdogo, na chakula chao kinapikwa pamoja na cha usiku. Wali mara 22, ugali mara 18. Zidisha, ongeza uji wa mtoto, na orodha ya stoo inajiandika yenyewe:

- Mchele kilo 20 × 2,600 = 52,000
- Unga wa dona kilo 20 × 1,600 = 32,000
- Unga wa ngano kilo 8 × 2,000 = 16,000
- Maharage kilo 8 × 3,200 = 25,600
- Sukari kilo 6 × 3,000 = 18,000
- Mafuta ya kupikia, dumu la lita 5 = 35,000
- Dagaa kilo 2 × 12,000 = 24,000
- Karanga kilo 2 × 4,500 = 9,000
- Majani ya chai, chumvi, viungo, tambi = 12,000

Jumla 223,600. Sabuni, gesi na LUKU havimo. Viwekee fungu lake, kwa sababu ukivichanganya na chakula hutajua kamwe ni nani kala mwenzake.

Ngano kilo 8 inaweza kukushangaza. Ni ya asubuhi. Maandazi ya 200, kila mtu mawili, ni 2,400 kwa siku, na kwa mwezi ni 72,000, hela inayozidi mchele wa mwezi mzima, na haionekani popote kwa sababu inatoka kwa sarafu. Kilo ya ngano inatoa maandazi 25 hivi. Sisemi mkande kila alfajiri, hiyo haiwezekani kwa mtu anayewahi daladala saa kumi na mbili. Tunakanda Jumamosi na Jumatano jioni, siku nyingine ni mihogo, viazi vitamu au ndizi za kuchemsha.

Hatua ya 3: Gawa mafungu matatu

Bajeti yetu ya mfano ni 500,000. Stoo imechukua 223,600. Hela ya mboga ni 8,000 kwa siku, yaani 240,000 kwa siku 30. Inabaki 36,400, na hiyo naiita akiba ya bei.

Akiba ya bei ndiyo fungu ambalo watu hulikata la kwanza wakiona hela haitoshi, na mimi nakushauri ukate mchele kilo mbili kabla ya kuligusa. Bei za chakula hazikai. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilivuruga uzalishaji wa viwanda vya sukari, Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi ya rejareja isiyozidi 3,200 kwa kilo, na bado kuna mitaa ambako kilo ilifika 4,000 na kupita. Ukanda wetu wa Pwani nao una msimu wake wa kila mwaka: Ramadhani. Mihogo, magimbi, ndizi mbichi, nazi, tambi na sukari vyote hupanda kwa pamoja, uwe unafunga au hufungi. Mwezi huo peleka akiba yote kwenye asubuhi na nazi, au badili asubuhi iwe uji na karanga.

Hatua ya 4: Nunua stoo mara moja

Nafaka tunafuata soko la Tandale, vingine Kariakoo. Kabla ya kwenda, jumlisha nauli na bajaji ya kurudia mzigo. Kama tofauti ya bei kwa kilo ni 200 na unanunua kilo 20 tu, umeokoa 4,000, na bajaji imeichukua yote. Safari inalipa pale majirani wawili au watatu mnapochanganya mzigo: gunia moja la mchele, dumu la lita 20 la mafuta, mnagawana mkirudi. Kama huna wa kuchanganya naye, zungumza na Mangi wako bei ya kilo 20 kwa mkupuo, hela mkononi. Wengi watapunguza.

Sokoni nunua kwa mizani. Ukiuziwa kwa sado au debe, kumbuka hivyo ni vipimo vya ujazo, na mpimaji mwenye ujuzi anaweza kuyalegeza maharage ndani ya sado yakaonekana yamejaa. Mchele uchukue kiganjani, ufikiche, halafu fungua mkono: ukiona vumbi jeupe limebaki, una chenga nyingi. Tafuna punje mbili. Mkavu unalia kwenye meno, wenye unyevu unapondeka, na huo utaota ukungu kwenye joto la Dar.

Dona usinunue ya mwezi mzima kwa pamoja. Kiini cha mahindi kina mafuta, na dona iliyokaa muda mrefu inachacha na kuwa chungu. Chukua kilo 10, baada ya wiki mbili chukua nyingine 10. Hela yake iweke kando siku ile ile ya kwanza.

Hatua ya 5: Uwe Mangi wa nyumba yako

Hapa ndipo bajeti nyingi zinakufa, na ni baada ya kununua vizuri kabisa. Kununua kwa jumla kuna ubaya wake: dumu likiwa limejaa, mkono unamimina. Yule anayenunua kipimo cha 500 analipa bei mbaya, lakini hamwagi hata tone. Sisi tunataka bei ya jumla na mkono wa kibaba.

Siku mzigo unapofika, kabla hata ya kupika, gawa:

Mafuta ya lita 5 yaingie kwenye chupa kumi za maji za nusu lita. Chupa moja ni ya siku tatu. Andika tarehe kwenye kila chupa kwa kalamu ya maka: 1–3, 4–6, mpaka 28–30. Anayepika hahitaji kukumbushwa na mtu, anaiona chupa yake. Ikiisha siku ya pili, siku ya tatu ni kuchemsha: maharage ya nazi, mchicha wa karanga, dagaa wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu. Ya mwezi uliopita yakibaki, hapo ndipo chapati.

Mchele uingie ndoo nne za kilo nne na nusu, moja kwa kila wiki, na kilo mbili zinazobaki ni za siku zile za mkiani. Sukari nayo kopo la wiki. Ndoo za wiki zijazo zikae chumbani, si jikoni.

Maharage hayahitaji ndoo za wiki, yanahitaji kulowekwa usiku kucha. Maharage makavu yaliyotiwa moja kwa moja jikoni yanakula gesi vibaya sana. Kama una friji, chemsha kilo moja na nusu kwa mpigo, gawa mifuko miwili, ugandishe mmoja.

Hatua ya 6: Hela ya mboga itoke kwa wiki

8,000 kwa siku ni 56,000 kwa wiki. Ukiitoa siku kwa siku utalipa makato ya kutoa hela kwenye simu kila mara. Ukiitoa yote ya mwezi, itakopwa na mtu wa nyumba hiyo hiyo. Iweke kwenye laini ya pili isiyo na kazi nyingine, itoe kila Jumamosi asubuhi, na umkabidhi anayekwenda gengeni. Ya zile siku mbili za mwisho, 16,000, ibaki huko huko.

Wiki yetu inakwenda hivi: nyama nusu kilo mara mbili 12,000, samaki mara moja 8,000, nusu trei ya mayai 5,000, matunda 6,000, mihogo, viazi na ndizi za asubuhi 7,000, nyanya, vitunguu, karoti na hoho 9,000, mchicha na matembele 4,000, nazi tatu 4,500. Ni 55,500, na ile 500 ni ya ndimu.

Nyanya na vitunguu vinunuliwe vya wiki kwa mkupuo Jumamosi. Fungu la gengeni kila jioni huwa na nyanya moja au mbili zilizopondeka kwa chini, nawe unalipia fungu zima. Majani nunua kila siku, hayavumilii.

Kama dada ndiye anayenunua, mkabidhi na daftari, na mwambie mapema kwamba bei ikipanda hatadaiwa tofauti. Akiogopa kudaiwa, atapunguza mboga kimyakimya au ataandika bei za uongo, na daftari lenye bei za uongo halikusaidii kitu.

Hatua ya 7: Kagua tarehe 15

Tarehe 15 fungua stoo na daftari. Zinapaswa kubaki ndoo mbili za mchele pamoja na zile kilo mbili, chupa tano za mafuta, na nusu ya sukari. Kama kimoja kimepungua sana, badili milo ya wiki mbili zilizobaki siku hiyo hiyo: ongeza ugali punguza wali, au kinyume chake. Tarehe 15 bado una nafasi ya kubadili. Tarehe 25 una nafasi ya kukopa tu.

Na kwa Mangi: usifunge mlango wa kukopeshwa, mwambie tu kwamba anayeandikiwa ni wewe peke yako. Watoto wakija bila hela, warudi bila kitu. Sehemu kubwa ya deni la mwisho wa mwezi huwa ni juisi, biskuti na mkate aliochukua mtu ambaye halipi.

Mgeni wa kulala, msiba, mtoto kufungua shule: vyote vinatoka kwenye akiba ya bei. Mgeni wa wiki nzima anahitaji kipimo chake, kwa hiyo ongeza nusu kikombe kwenye kila mlo tangu siku ya kwanza, usisubiri ndoo iishe.

Hatua ya 8: Akiba iliyobaki ingoje mahindi

Miezi isiyo na mambo, ile 36,400 inabaki. Isiongezwe kwenye mboga. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huvunwa kuanzia Mei, na kati ya Juni na Agosti bei ya gunia huwa chini ikilinganishwa na Januari au Februari. Gunia la kilo 100 kwa nyumba yetu ni dona ya miezi mitano, ukiondoa hela ya mashine. Ukikoboa upate sembe, sehemu nzuri ya uzito inaondoka na pumba, kwa hiyo omba upewe pumba zako, wafuga kuku watazinunua.

Mahindi yaingie stoo yakiwa makavu kabisa. Yaliyokauka yanagonga kwa sauti ukiyamwaga, na ukiing'ata punje inapasuka bila kupondeka. Adui ni dumuzi, wale ambao wakulima wengi huwaita Scania, wanaogeuza gunia kuwa unga kabla hujafika mashineni. Tumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Toa hewa kwa kuubana mfuko kutoka chini kwenda juu, funga kila tabaka peke yake kwa kamba, na uuweke juu ya mbao mbali na ukuta. Ukishaufungua, chota ya wiki mbili na uufunge tena papo hapo.