Somo: Kuimba "La lune blanche" ya Fauré bila kuvunja mizani

Mtunzi Mfaransa Gabriel Fauré alitunga La bonne chanson kati ya 1892 na 1894: nyimbo 9 za Kifaransa za sauti moja na piano, maneno ya mshairi Paul Verlaine. Verlaine alikuwa na mashairi 21 ya kumposa Mathilde Mauté. Fauré akachagua 9, akayapanga kwa utaratibu wake mwenyewe. Sisi tuanze na wimbo wa tatu, "La lune blanche" (mwezi mweupe), kwa sababu maneno ni machache na hauna haraka.

Hatua ya 1. Funika piano. Andika maneno kwa mkono, kisha hesabu mizani kama unavyohesabu za shairi letu. Kila mshororo una mizani 4. Luit-dans-les-bois, nne. De-cha-que-branche, nne. Pale mwisho wa branche inabaki e ndogo isiyohesabiwa, lakini mwimbaji huitoa. Iguse tu, uiache. Wengi wetu huikanyaga, maana sikio la Mswahili limezoea neno kumalizika kwa irabu iliyoshiba. Kwenye C'est l'heure exquise, e ya heure inamezwa na irabu inayofuata: c'est-l'heu-rex-quise. Nne tena.

Hatua ya 2. U ya lune si "u" yetu. Sema "i" ndefu, halafu chongoa midomo kama unapiga mluzi, ulimi ubaki palepale.

Hatua ya 3. Hapa kaeni, hata wiki nzima. Blanche, branche, dans: hakuna "n" humo! Imba "a", acha pumzi nyingine ipite puani, na ncha ya ulimi ilale nyuma ya meno ya chini. Ikipanda kugusa juu, umeshasema "blanshi". Mimi nilijiona hodari mpaka nilipojirekodi kwa simu. "N" zilikuwa zimejipanga kama siafu.

Hatua ya 4. Sasa funua piano, lakini usingoje ikushike mkono kama kinanda cha kwaya kinachopiga sauti ya kwanza pamoja nawe. Piano hapa ina mazungumzo yake. Mwombe mpiga piano acheze peke yake, wewe soma shairi juu yake bila kuimba, mara kadhaa. Kuimba kufuate baadaye.

Ukiuweza huu, nenda wa sita, ambamo kware (ndiyo, hao hao wa mayai) wanalia ndani ya piano.

MASWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni besi, nyimbo hizi si za wanawake?
Marahaba. Fauré aliziandika akimfikiria Emma Bardac, mwimbaji aliyemtabarukia, lakini baritoni (sauti ya kiume ya kati) Charles Panzéra na Gérard Souzay waliziimba sana. Tafuta nota za sauti ya chini. Ukishusha mwenyewe, shusha zote 9 kwa kiasi kilekile, maana zimeungana. Vipande vya nyimbo za mwanzo vinarudi kwenye wa mwisho.

Jambo mwalimu, niko Lubumbashi. Kifaransa tunakisema kila siku, na hakuna anayesema "lu-ne". Kwa nini mimi niseme?
Sokoni usiseme, watakucheka. Kwenye "La lune blanche" e hiyo ni mizani kamili kwa sababu iko katikati ya mshororo na inafuatwa na konsonanti. Ukiidondosha, mshororo unabaki na tatu. Na r yako ya kooni ipumzishe, waimbaji wengi wa nyimbo hizi huitetemesha kwa ncha ya ulimi.

Huyo Mathilde aliolewa kweli?
Aliolewa, 1870. Mwaka 1872 Verlaine akamwacha, akaondoka na mshairi kijana Arthur Rimbaud. Emma naye alikuwa mke wa mtu, na Fauré mume wa mtu. Mwishowe Emma aliolewa na mtunzi mwingine, Debussy, 1908. Ukiwa unaimba sahau yote hayo. Siku shairi linaandikwa, bwana harusi alikuwa anamaanisha kila neno.