Kupima na Kubadilisha Betri Dhaifu katika Pikapu ya Dizeli

Hapa Pemba, pikapu ya dizeli inayoteremka Tumbe alfajiri kuchukua samaki, kisha ikapandisha vilima hadi Wete au Chake Chake, haina nafasi ya kugoma asubuhi. Ikigoma, mwenyewe husema mara moja kwamba betri imekufa, na bila kupima chochote huenda dukani. Nami niliwahi kufanya hivyo: nilinunua betri moja mpya nikaifunga pamoja na ya zamani katika gari ya betri mbili, na ile mpya haikumaliza mwaka. Tangu hapo hupima kwanza, kila betri peke yake, ndipo fedha itoke mfukoni.

Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na stata ikizunguka taratibu joto hilo halifikiwi, hata kama mafuta yapo na pampu ni nzima. Kabla ya stata, plagi za kupashia joto nazo huwa zimekwishakula umeme mwingi. Kwa hiyo betri ambayo ingewasha gari ndogo ya petroli bila taabu inaweza kushindwa kabisa kwenye dizeli.

Ikiwa gari ina betri mbili, tazama kwanza zilivyounganishwa. Waya mnene ukitoka chanya ya moja kwenda chanya ya nyingine, na hasi zote mbili zikienda bodi, mfumo ni wa volti 12. Waya ukitoka chanya ya moja kwenda hasi ya nyingine, mfumo ni wa volti 24, na hapo usiazime moto kwa gari ya volti 12 kwa njia ya mkato, wala usifunge taa au redio ya volti 12 kwa kubahatisha. Katika mfumo wa volti 12, betri nzima huificha mbovu: mita ya volti itaonyesha kipimo kimoja kwa zote mbili, huku ile dhaifu ikiinyonya mwenzake usiku kucha. Ndiyo sababu ni lazima zitenganishwe kabla ya kupimwa. Maelezo yanayofuata ni ya mfumo huu wa volti 12.

Chaji betri zote mbili hadi zijae, fungua nyaya za hasi za zote mbili, kisha ziache tangu baada ya sala ya isha hadi alfajiri. Asubuhi pima kila moja. Volti 12.6 au zaidi kidogo ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Na ikisoma 12.0 au chini yake baada ya kuchajiwa vizuri, haishiki chaji tena. Kipimo kilichochukuliwa mara tu baada ya kuzima injini kisiaminiwe, kwa sababu chaji ya juu juu hukipandisha. Betri yenye vifuniko hupimwa pia kwa kipimo cha uzito wa tindikali: kila chumba kilichojaa husoma karibu 1.265, na chumba kimoja kikiachana na vingine kwa 0.050, betri hiyo imekwisha, hata kama vingine vitano ni vizuri. Maji yakipungua, ongeza maji safi ya betri tu, si tindikali, wala si maji ya kisima, ambayo hubeba chumvi na chokaa.

Kipimo cha utulivu peke yake hakitoshi, kwani betri iliyochoka huweza kusoma 12.6 kisha ikaanguka mara inapotwishwa mzigo. Unganisha betri moja tu, weka ncha za mita juu ya vichwa vyake, na mwombe mwenzako apige stata kwa sekunde chache. Ikishuka chini ya volti 9.6, ni dhaifu. Rudia kwa ya pili.

Ikiwa betri zote zinabaki juu ya 10 na stata bado inazunguka kwa kusitasita, usinunue kitu. Hapa kwetu hewa ya bahari huingia kila mahali, na gari inayoegeshwa pwani kupakia samaki au mwani huota ukungu mweupe na wa kijani kwenye vibano vya betri na, kibaya zaidi, ndani ya waya chini ya ganda lake, pasipoonekana. Weka ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha chanya, si juu ya kibano, na nyingine kwenye bolti ya stata, kisha stata ipigwe. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fanya vivyo hivyo kati ya kichwa cha hasi na chuma cha injini. Vibano huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, bila kuyaruhusu kuingia ndani ya betri, hukaushwa, husuguliwa hadi ving'ae, na vikishakazwa hupakwa grisi. Waya ulioliwa ndani hausafishiki, ubadilishwe.

Pima pia chaji injini ikiwa inaunguruma: kati ya volti 13.8 na 14.5 ni sawa. Chini ya hapo, angalia mkanda wa altaneta kwanza. Juu ya 15, betri inachemshwa, na mpya nayo itachemka. Umeme unaovuja gari ikiwa imezimwa hupimwa kwa kuiweka mita ya ampea kati ya kichwa cha hasi na waya wake, waya wa hasi wa betri ya pili ukiwa umefunguliwa, na stata isiguswe. Zaidi ya ampea 0.05 ni nyingi. Redio au taa iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, ikila nusu ampea tu, huchukua ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 70 inakuwa nusu tupu kwa siku tatu.

Betri ikithibitika mbovu katika gari ya mbili, badilisha zote mbili, za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Najua gharama yake inauma. Katika namba kama 95D31R, 31 ni urefu wa karibu sentimita 31, na herufi ya mwisho huonyesha upande vilipo vichwa; ukikosea herufi, waya hautafika. Namba kubwa ya kuwasha kwenye baridi isikuvute, kwa kuwa hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na betri za kisiwani huuliwa na joto. Ipime dukani: ikiwa chini ya 12.4 imekaa sana rafuni. Ile inayojazwa tindikali mbele yako iache ipoe, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa.

Vua pete na saa, weka moto mbali, kwani betri hutoa gesi inayolipuka. Fungua hasi zote mbili kwanza, ndipo chanya, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Wakati wa kufunga, anza na chanya na umalize na hasi. Kaza kishikizo cha betri barabara, kwa sababu mtikisiko wa barabara za mashamba huangusha madini ya sahani zake, kisha andika tarehe juu ya kila moja.

Za zamani zibebwe zikiwa wima na zipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaozipima kwa kilo. Tindikali isimwagwe karibu na kisima. Na tafadhali, madini yake ya risasi yasiyeyushwe uani kwa ajili ya chubwi za mishipi au za nyavu, kwani moshi na vumbi lake huwaingia watoto mwilini na kudhuru ubongo wao, na madhara hayo hayaponi.