Kuvisha shaba kwa umeme nyumbani: anza na bawaba ya brasi

Huku Moshi mrututu (salfeti ya shaba) si mgeni. Wazee wetu wameupulizia kahawa miaka nenda rudi, kupambana na magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mimi nauvishia shaba bawaba na vitasa vya zamani. Dukani kwa pembejeo omba chembe za bluu zinazoyeyuka zikaisha. Kopa nyingine (dawa za shaba) za unga za kupulizia haziyeyuki, hazifai kazi hii.

Hatua ya 1: maji ya kazi. Yeyusha gramu 200 za mrututu kwenye mililita 900 za maji yaliyochujwa madini, yale ya kuongezea betri. Kisha mimina mililita 100 za asidi ya betri, polepole. Asidi iingie kwenye maji. Ukifanya kinyume inachemka na kukurukia usoni. Vaa miwani na glavu, fanyia nje, na beseni la plastiki unalochanganyia lisirudi jikoni tena.

Hatua ya 2: usafi. Hapa ndipo kazi inapofia. Piga msasa namba 400, kisha 800, sugua kwa mswaki na sabuni ya unga, suuza. Maji yakitandaa kote, sawa. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia. Baada ya hapo usiguse kwa vidole.

Kwa nini brasi? Mara ya kwanza nilitumbukiza boliti ya chuma. Ikawa nyekundu papo hapo hata kabla sijaunga waya, nikashangilia. Nilipoifuta kwa kitambaa, shaba yote ikabaki kwenye kitambaa. Chuma hubadilishana na shaba chenyewe, na tabaka hilo halishiki. Mabati nayo yaache kabisa: zinki inayeyuka na kuchafua maji yako.

Hatua ya 3: umeme. Natumia betri ya pikipiki ya volti 12 na balbu ya wati 5 ya kupunguza umeme. Chanya kwenda kwenye balbu, balbu kwenda kwenye waya mnene wa shaba uliomenywa, hasi kwenye bawaba. Waya huo na bawaba vyote vizame kwenye maji ya kazi bila kugusana. Inapita kama ampea 0.4, inayotosha eneo la sentimita 20 za mraba, ukihesabu pande zote mbili. Balbu isipowaka, kuna waya umeachia. Ila vipande vikigusana itawaka vilevile, kwa hiyo chungulia.

Tikisatikisa bawaba taratibu. Nusu saa inaleta tabaka lenye unene wa kama mikroni 13 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Shaba ikitoka nyeusi na ya ungaunga, umeme umezidi kwa eneo hilo. Weka kipande kikubwa zaidi au balbu ndogo. Suuza, kausha, paka vanishi mapema kabla haijafifia.

Hatua ya 4: masalia. Maji hayo yanatumika tena na tena. Yatunze kwenye dumu lenye maandishi, kamwe si chupa ya soda. Yakichoka, tumbukiza stilwaya hadi rangi ya bluu iishe, kisha ongeza chokaa kidogokidogo kuua asidi. Usimwage kwenye mfereji: mrututu unaua samaki, na huko chini kuna mtu anamwagilia mchicha.