Namba za Kijapani: kutoka ichi hadi milioni bila kukwama kwenye man

Shika kalamu na karatasi. Programu nyingi za simu hukupa namba na majibu ya kuchagua, kisha muuzaji akikutajia bei kwa sauti unabaki umeduwaa. Namba zataka sikio na mkono.

1. Moja hadi kumi

Ichi, ni, san, yon, go, roku, nana, hachi, kyuu, juu. Irabu ni zile zile zetu. Ikiandikwa mara mbili, ivute. 4, 7 na 9 zina jina la pili: shi, shichi, ku. Wewe zoea yon, nana na kyuu, maana shichi kwenye simu huchanganywa na ichi. Yale mengine yaweke kwa ajili ya saa na miezi: shichiji ni saa 7 kwa hesabu yao (saa moja yetu), kugatsu ni Septemba.

2. Hadi 99

Nijuu ni 20, juuni ni 12. 47 ni yonjuunana. Usitafute pa kuweka "na", haipo.

3. Mia na elfu

Hyaku ni mia, sen ni elfu. Tano hubadilika sauti, zikariri: sanbyaku (300), roppyaku (600), happyaku (800), sanzen (3,000), hassen (8,000).

4. Man

Hapa ndipo watu hupoteza wiki nzima. Elfu kumi ina jina lake, man, na kuanzia hapo hesabu hupanda kwa tarakimu nne nne, si tatu tatu. Juusen kwa maana ya 10,000 hakuna; sema ichiman, na hiyo ichi usiiache, ingawa hyaku na juu husimama peke yake.

Mkato unaochapwa kwenye bei ndio unaopoteza watu, kwa sababu hata Japani huwekwa kila baada ya tarakimu tatu. Usiufuate. Hesabu tarakimu nne kutoka kulia, piga mstari, soma kushoto kwanza:

128,000 → 12|8000 → juuniman hassen
1,250,000 → 125|0000 → hyakunijuugoman

Sisi tuna msaada ambao wengi hawana: laki. Laki moja ni juuman, yaani man kumi. Laki tatu na nusu ni sanjuugoman. Milioni ni hyakuman. Ukiwaza kwa laki unazidisha kwa kumi tu, basi.

Kusikiliza ni kugumu zaidi. Ukisikia "man", andika kilichotangulia, piga mstari, weka nafasi nne tupu, kisha jaza. "Niman gojuu": 2|_ _ _ _, halafu 2|0050. Bila nafasi hizo utaandika 250 au 2,050, kwa kuwa sifuri za katikati hazitamkwi.

Anayeagiza gari lililotumika atakutana na man mara moja: tovuti za huko huandika 49.8万円. Alama 万 ndiyo man, 円 ni yeni. Hiyo ni 498,000, yaani laki nne na elfu tisini na nane. Kilomita pia: 7.2万km ni 72,000.

5. Kuhesabu vitu

Kama ngeli zetu, namba hufuata aina ya kitu, ila kiambishi hukaa mwishoni: nin kwa watu (lakini hitori mmoja, futari wawili), mai kwa vitu bapa, hon kwa virefu (ippon, nihon, sanbon). Usianze na orodha ndefu. Anza na moja hadi kumi za vitu vya kawaida: hitotsu, futatsu, mittsu, yottsu, itsutsu, muttsu, nanatsu, yattsu, kokonotsu, too. "Kore o mittsu kudasai" itakupatia maandazi matatu dukani hata kama hujui kiambishi chake halisi.

6. Saa na tarehe

Wajapani huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo saa moja yetu ya asubuhi ni shichiji. Tarehe 1 hadi 10 zina majina yake. Angalia hasa yokka (4) na youka (8). Ukipanga miadi, omba tarehe iandikwe kwa tarakimu.